Anti, usiku nawaka moto: yoga itanisaidia?

Toleo lililopita tuliongea kuhusu kansa za kizazi na umuhimu wa kupima mapema, tukadhani tumemaliza, kumbe ndo kwanza. Meseji zilizoingia baada ya hapo nyingi zinauliza mambo ya baadae: mtu katibiwa, karudi nyumbani, ndugu wameshangilia, halafu mwili haumtii. Na wengi wenu, sijui imeanzia wapi, mnauliza habari za yoga, yale mazoezi ya kujinyoosha na kupumua taratibu. Haya. Majina nimeficha kama kawaida yetu.

*

*Shikamoo anti. Nina miaka 38, watoto wawili, naishi Nyegezi, Mwanza. Mwaka jana niligundulika na kansa ya mlango wa kizazi nikafanyiwa operesheni, wakatoa kizazi na vifuko vya mayai vyote viwili, namshukuru Mungu daktari anasema naendelea vizuri. Ila anti tangu pale nawaka moto, yaani nimekaa zangu kwenye daladala ghafla joto linapanda kutoka kifuani mpaka kichwani, jasho linatiririka watu wananiangalia. Usiku ndo balaa, nalowesha shuka, usingizi sina, asubuhi nawafokea watoto bila sababu. Binti wa jirani anafanya yoga kwa kuangalia simu, ananiambia mama fanya hii itakata hilo joto. Ni kweli? Na mtu aliyepasuliwa tumbo anaanzaje?*
*Mama wawili, Nyegezi*

Marahaba mwanangu, pole sana na hongera kwa kuvuka hapo.

Kwanza nikueleze kilichokupata maana naona hakuna aliyekaa chini na wewe. Mwanamke kwa kawaida anakata hedhi akiwa kwenye miaka 50 hivi, na homoni ya estrojeni inapungua pole pole kwa miaka, kama jua linavyozama upande wa ziwani, unaliona linaenda unapata muda wa kuwasha taa. Wewe umeme umekatika ghafla ukiwa jikoni. Vifuko vya mayai vikitolewa estrojeni inaporomoka ndani ya siku chache tu, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, kajoto kadogo ambako zamani usingekasikia sasa inakachukulia kama unaungua, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Kwa hiyo hujalogwa, na joto lenyewe siyo dalili ya kansa kurudi. (Ila usidhani kila joto ni hilo, sisi huku malaria ipo, ukiwa na homa ya kudumu na baridi inayotetemesha nenda kapime.) Na wale waliopigwa mionzi ya nyonga bila kutolewa mayai nao yanawakuta hayo hayo kwa sababu mionzi inaua kazi ya mayai.

Sasa yoga. Nitakwambia ukweli ingawa binti wa jirani atanichukia. Kwenye joto lenyewe, ushahidi ni hafifu. Marekani walichukua wanawake 249 waliokuwa wanasumbuliwa na joto la ukomo wa hedhi, wengine wakafanya yoga wiki 12, wengine wakaendelea na maisha yao, matokeo yakatoka mwaka 2014: idadi ya mara joto linapanda haikutofautiana kwa maana. Lakini waliofanya yoga walilala vizuri zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa kansa, sawa, ila kuna utafiti mwingine wa mwaka 2013, watu 410 waliomaliza matibabu ya kansa, wengi wao wa matiti, walifanya yoga nyepesi ya dakika 75 mara mbili kwa wiki kwa wiki 4 tu, na hao pia usingizi uliboreka na uchovu wa mchana ukapungua. Na mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani kilipopitia njia zote zisizo za homoni kikasema wazi kwamba yoga hawaipendekezi kama dawa ya joto.

Kwa hiyo ukiifanya, ifanye kwa ajili ya usingizi, hasira, mgongo, kwa ajili ya kuurudia mwili wako ambao kwa mwaka mzima umekuwa mali ya madaktari na manesi. Mi naona hiyo inatosha kabisa kuifanya. Mtu aliyelala usiku, joto likipanda mchana anajifuta jasho anaendelea na safari, asiyelala analia kwenye daladala.

Kuanza: kwa operesheni kubwa ya tumbo subiri wiki 6 mpaka 8 na ruhusa ya daktari wako, na hata hapo usianze na kukaza tumbo wala kujikunja kama hao wa kwenye video. Kabla ya hapo unaweza kupumua tu, na kuzungusha vifundo vya miguu kitandani. Ukiruhusiwa, tandika mkeka sebuleni watoto wakishalala, fungua dirisha upepo wa ziwa uingie, vaa kanga au dera la pamba, usivae zile nguo za kubana za nailoni. Piga magoti na mikono kama unapiga deki, ukivuta pumzi legeza mgongo ushuke kidogo, ukitoa pumzi uinue kama paka anavyojinyoosha, taratibu. Halafu kaa juu ya visigino, magoti yaachane, lala kifudifudi juu ya mito miwili, paji la uso litulie hapo. Ukimaliza lala chali, miguu iinue uiegemeze ukutani au juu ya kiti, mikono pembeni, na hapo ndo pa kukaa muda mrefu. Kitambaa chenye maji ya baridi kiwe karibu. Pumua ndani ukihesabu mpaka 4, nje mpaka 6, bila kubana pumzi. Joto likipanda katikati acha pozi, kaa, jipepee, ukitulia utaendelea, hakuna mashindano.

Ukiona damu, majimaji yasiyo ya kawaida, maumivu mapya ya tumbo, au mguu mmoja umevimba ghafla unauma na una moto, hapo siyo yoga tena ni hospitali siku hiyo hiyo, huo mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza na mimi nataka uliulize kuliko hata hiyo yoga. Una miaka 38. Mwanamke aliyepoteza mayai kabla ya miaka 45 anatakiwa angalau ajadiliwe habari ya kurudishiwa homoni kwa dawa, mpaka afikie umri wa kawaida wa kukata hedhi, na sababu siyo joto peke yake, ni mifupa na moyo wake wa miaka 20 ijayo. Na kansa ya mlango wa kizazi ile ya aina ya skwamasi, ambayo ndo wanawake wengi wanayo, haichochewi na estrojeni, hivyo kuwa umeugua kansa hakumaanishi moja kwa moja kwamba homoni ni marufuku kwako. Zipo aina nyingine ambazo daktari atasita, na yuko sahihi kusita. Lakini ninachokiona kwenye barua zenu ni kwamba wengi hamjaambiwa lolote, mnarudi kliniki miezi na miezi, mnapimwa mnaambiwa uko vizuri, mnaondoka. Ukienda kliniki ya kansa, iwe hospitali ya Bugando au popote wanapokufuatilia, andika kabisa kwenye karatasi usisahau: kansa yangu ilikuwa ya aina gani, na je mimi naruhusiwa homoni? Wakisema hapana, waulize hapana kwa sababu gani na badala yake mnanipa nini.

Na kama kati ya hao wawili kuna binti mwenye miaka 9 mpaka 14, chanjo ya HPV, kile kirusi kinachosababisha kansa ya mlango wa kizazi, ni bure na tangu 2024 ni dozi moja tu. Mpeleke.

*

*Bwana asifiwe anti. Mimi nilitolewa kizazi na mayai kwa kansa. Nilianza yoga na dada mmoja hapa Igoma, kiongozi wetu wa kikundi cha maombi akasema yoga ni ibada ya miungu nikiendelea natoka kwenye kikundi. Nimebaki njia panda.*

Amina. Sitakudanganya kwamba yoga haina asili ya dini, inayo, imetoka India na imekua ndani ya Uhindu na dini nyingine za kule kwa karne nyingi, hata hapa mjini ukiwauliza Wahindi wenyewe watakwambia. Kwa hiyo kiongozi wako hajatunga. Ila kilichowasaidia wale wagonjwa kulala ni kujinyoosha, kupumua taratibu na kutulia, na hivyo havina kabila wala dini. Acha nyimbo, acha majina ya Kihindi, acha kukunja mikono kifuani kama inakukwaza, fanya mazoezi. Ukitaka wakati wa kupumua sali kimoyomoyo sala yako. Na kama dhamiri bado inakusuta basi achana nayo kabisa, tembea kwa miguu jioni, au nenda kitengo cha fizio wakufundishe mazoezi ya kunyoosha viungo, hakuna dhambi yoyote kiafya. Ila usiache kila kitu ukabaki umelala ndani, hapo ndo tutagombana.

*

*Dada habari za kazi. Niko Ukerewe, miaka 44, kazi yangu kuanika na kuuza dagaa. Nilikuwa na kansa ya mfuko wa kizazi wenyewe, wakatoa kizazi, mayai na tezi za nyonga, baadae mionzi. Joto nimelizoea. Tatizo ni mguu wa kushoto, unajaa tangu asubuhi, jioni kiatu hakiingii. Nimeona yoga za kuweka miguu juu. Zitautoa huo ujazo?*

Salama mdogo wangu, poleni na upepo wa huko.

Hizo tezi walizotoa ndizo zilikuwa zinarudisha maji ya mwili kutoka mguuni, zikiondoka na mionzi ikapita hapo, maji yanakwama. Ndo maana mguu unajaa. Kuweka miguu juu ukutani kunapunguza kidogo kwa siku hiyo, ila ukisimama unajaa tena, kwa hiyo ni msaada, siyo tiba. Tiba yenyewe ni soksi maalum za kubana, zilizopimwa kwa mguu wako (siyo zile za dukani za kubahatisha, zikibana pasipo sahihi zinaharibu), kukandwa na mtaalamu wa fizio anayejua kusukuma hayo maji, na kuutumia mguu. Ukiwa umevaa soksi yako, kunja na kunjua kifundo, inua visigino ukiwa umeshika ukuta, kunja goti ulete kifuani ukiwa umelala. Misuli ikifanya kazi ndani ya soksi inasukuma maji juu. Usikae kwenye pozi moja muda mrefu, hasa kuchuchumaa na kukaa umekunja miguu, na hapa nakuongelea wewe wa mwaloni ambaye nusu siku umechuchumaa unachambua dagaa. Tafuta kigoda kirefu.

Na ngozi ya huo mguu ilinde kama mboni. Usiingie ziwani peku, mkwaruzo mdogo tu wa jiwe au ndoano kwenye mguu wenye ujazo unaingiza bakteria, na mguu unawaka mwekundu na homa kali ndani ya siku moja, hiyo inataka antibayotiki haraka. Kichocho cha ziwa letu ni sababu nyingine ya kukaa mbali na maji ya pembeni. Osha, kausha katikati ya vidole, paka mafuta kila siku. Na kama mguu ulianza kujaa ghafla au unazidi wiki hadi wiki, rudi kwanza kwa madaktari waangalie ndani, usiuhukumu mwenyewe.

Umesema joto umelizoea, sikuamini sana lakini haya. Kwako wewe habari ya homoni ni tofauti na ya mwenzio wa Nyegezi, kansa ya mfuko wa kizazi nyingi inachochewa na estrojeni, hivyo madaktari wanakuwa waangalifu zaidi. Zipo dawa zisizo homoni zinazopunguza joto, mfano venlafaksini na gabapentini. Sasa ukienda famasi ukaambiwa hii mbona ni ya msongo wa mawazo, au hii ya kifafa, usidhani wamekuona chizi. Dawa hizo hizo zinatuliza na ile sehemu ya ubongo niliyoisema juu. Ni za kuandikiwa na daktari lakini, usianze mwenyewe na usiache ghafla. Na zile poda za mitishamba za kurudisha homoni zinazouzwa kwenye vikundi vya simu, kwa kansa ya aina yako kaa nazo mbali, nyingine zina vitu vinavyofanana na estrojeni na hakuna anayejua kiasi gani.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanaume, niko Sengerema. Mke wangu ana miaka 41, ametibiwa kansa ya mlango wa kizazi kwa mionzi ya nje na ya ndani. Kliniki tunaenda vizuri, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe hata kusubiri kivuko hakuna. Shida ni chumbani, anasema anaumia, sasa hivi hata nikimgusa bega anashtuka. Mama mkubwa wangu anasema mwanamke aliyetibiwa huko chini ameisha nioe mwingine. Mimi simtaki mwingine. Kuna yoga ya hilo?*

Marahaba baba. Umeandika jambo ambalo wanaume wengi wanalimeza, nakushukuru. Mama mkubwa msalimie, mwambie asubiri harusi ya mtu mwingine.

Mke wako hajaisha. Mionzi imezima mayai, estrojeni imeondoka, na bila estrojeni uke unakuwa mkavu, ngozi yake nyembamba, na mionzi ya ndani yenyewe inaacha makovu yanayofanya njia iwe fupi na nyembamba. Akiingiliwa hivyo anaumia kweli, na mwili ukishaumia mara mbili tatu unajifunza kujibana kabla hata hujasogea. Ndo hilo bega.

Kwa hiyo kwanza acheni tendo kwa muda, na mwambie kwa mdomo kwamba mmeacha, ili ukimshika bega ajue ni bega tu. Aulize kliniki kuhusu vifaa vya kutanulia uke, ni vya plastiki laini vya saizi tofauti, baada ya mionzi ya ndani wanawake wanashauriwa kuvitumia ili njia isishikane, na vinasaidia pia daktari aweze kumpima vizuri miaka ijayo. Kilainishi cha maji cha famasi, kingi, bila aibu. Msitumie mafuta ya mgando, na kama mnatumia kondomu mafuta yoyote yale hata ya nazi yanaipasua. Ipo pia estrojeni ya kupaka ukeni, kiasi kidogo, hiyo aiulizie kwa daktari. Na kwa sababu kizazi chake bado kipo, akipewa homoni za kumeza au za kubandika lazima ziende na homoni ya pili inayolinda kizazi, hilo daktari analijua lakini na nyie mlijue.

Yoga inaingia hapa, kwenye kulegea. Wanawake wengi wakisikia mazoezi ya huko chini wanaambiwa bana, bana, bana. Anayevujisha mkojo akikohoa, kubana kunamfaa. Mkeo tayari amejibana mchana na usiku, akiongeza kubana maumivu yanazidi. Alale chali, mto chini ya kila paja, nyayo zigusane na magoti yaanguke pembeni yenyewe bila kusukumwa, mkono mmoja tumboni, akivuta pumzi aiache ishuke mpaka nyonga ifunguke, akitoa asikaze chochote. Wewe unaweza kulala pembeni ukafanya naye, nyonga yako pia imebana naamini. Fanyeni hivyo jioni nyingi bila kutegemea kitu usiku huo. Akitoka damu baada ya tendo au hata bila tendo, arudi kliniki asingojee tarehe.

*

*Anti nina 35, kansa ya mayai, wametoa vyote. Nimesoma mifupa yangu itakuwa ya bibi. Yoga ipi inajenga mfupa? Kirumba.*

Mfupa unajengwa kwa kubeba uzito wako mwenyewe ukiwa umesimama, kwa hiyo zile za kulala ni nzuri kwa usingizi ila mfupa haupati kitu kikubwa. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, piga hatua kubwa mbele ukikunja goti, kaa kama unakalia kiti kisichokuwepo, na Mwanza hii yenye milima na mawe kila kona panda ngazi na vilima kwa miguu badala ya boda. Kama kemo, zile dawa kali za kansa, imekuachia ganzi kwenye nyayo, ukuta uushike kweli kweli, kuanguka ni kubaya kuliko kutofanya. Kuinama kwa nguvu mpaka kichwa kiguse magoti, na kujinyonga kiuno, acha, mifupa ya mgongo iliyolegea inapasuka kwenye pozi hizo. Kula dagaa wazima na miiba yao, uko Kirumba unashindwaje, pale mwaloni ni mlangoni kwako. Na jua la asubuhi. Lile swali la homoni nililomwandikia mama wa Nyegezi uliza na wewe, kansa za mayai ziko aina nyingi na jibu linategemea aina.

*

*Anti kuna mwalimu ametangaza darasa la yoga kwenye chumba chenye joto kali, anasema jasho linatoa sumu za kemo na kansa hairudi. Elfu hamsini kwa mwezi. Niende? Niko Mkolani, nilitolewa mayai mwaka huu.*

Usiende. Dawa za kemo zinatolewa na ini na figo, na nyingi zinakuwa zimeshaondoka muda mrefu kabla wewe hujafika kwenye hicho chumba. Hakuna pozi linalozuia kansa kurudi. Na wewe ambaye unawaka moto bila kuwashiwa, kukulipisha ili wakuchemshe naona ni ukatili tu. Mwalimu wa maana angekuuliza kwanza ulifanyiwa nini, lini, na daktari kasema nini, ndo ataje bei. Hiyo elfu hamsini nunua mkeka, mito miwili mizuri na feni ndogo ya mezani, ikibaki nauli ya kliniki.